Wati elfu moja za kwenye kibandiko: transfo yangu ya 220 kwa 110

Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anayeishi Montréal alinitumia koli yenye mashine mbili, ya kukandia unga na ya kuchoma gofre. Zote ni za volti 120, kama za kwao. Prizi zetu za Lubumbashi ni za 220, kwa hiyo koli ilikaa wiki nzima sebuleni mpaka nikaenda mjini kutafuta transfo, boksi la kushusha volti. Nilipata boksi jeusi la chuma, lina mshikio juu, na kibandiko kinasema 1000 W. Dola 35. "Mama, hii iko nguvu, hata frigo inabeba," muuzaji akaniambia. Ya frigo sikuyaamini, lakini pesa nilitoa.

Kabla ya kuingia kwenye keki nilisoma umeme shule ya ufundi, basi sikuichomeka hata kidogo kabla ya kuipima. Niliiweka kwenye mizani ya unga: kilo tatu na nusu. Transfo ya wati elfu yenye koili mbili zilizotengana huwezi kuibeba kwa vidole viwili namna ile. Nikashika multimeta, kile kipimo cha umeme kinacholia njia ikiwa imeungana, ncha moja kwenye njia ya kuingilia, nyingine kwenye ya kutokea. Ikalia. Maana yake ndani hakuna koili mbili, kuna moja tu iliyotobolewa tawi katikati. Ototransfo.

Hiyo peke yake si ujanja wa mwuzaji. Katika transfo ya koili mbili, kuranti geu ya koili ya kwanza inazaa sumaku inayogeuka-geuka ndani ya vibati vya chuma, na mgeuko huo unaamsha volti kwenye koili ya pili. Idadi ya mizunguko ya waya ndiyo inayoamua: nusu ya mizunguko, nusu ya volti, kuranti mara mbili. Ototransfo inafanya kazi hiyohiyo kwa koili moja. Tukiamini kibandiko, upande wa 110 unatoa 1000 gawa kwa 110, yaani ampea 9.1, na upande wa 220 unavuta ampea 4.5. Lakini zile 9.1 hazipiti zote kwenye waya mmoja. Nusu inatoka ukutani kupitia sehemu ya juu ya koili, nusu inapandishwa na sehemu ya chini, zinakutana kwenye tawi. Ndiyo maana waya mwembamba unatosha, na boksi linakuwa jepesi.

Kilichoniudhi ni waya wenyewe. Nilikwangua kidogo vanishi inayofunika waya, mahali unapoungwa, nikaona weupe. Aluminiamu! Katika mji huu, ambao jimbo lake enzi za Zaire liliitwa Shaba, mimi nimeuziwa aluminiamu. Kwa unene uleule, aluminiamu inapitisha umeme kama sehemu sita tu kwa kumi za shaba.

Mashine ya unga inaandika wati 325. Hiyo ni karibu ampea 3 upande wa 110, na 1.5 ukutani. Nimekanda nayo miezi mitano sasa, hata unga mzito wa mandazi, na boksi linapata uvuguvugu tu. Hapo sina malalamiko.

Gofre ni kesi nyingine. Imeandikwa wati 1000 kwa volti 120, ambazo kwa 110 zinashuka kuwa karibu 840, ampea 7.6. Kwa hesabu ya kibandiko ingepaswa kubeba bila jasho. Dakika ya kumi, volti zilikuwa zimeanguka hadi 101, na jikoni kulinuka vanishi inayoungua. Nikachomoa. Joto la waya linakua kwa mraba wa kuranti, hivyo ampea 7 zinapasha waya zaidi ya mara tano kuliko ampea 3. Kwa maoni yangu hii ni transfo ya wati 500, basi.

Nilifungua pia kishikio cha fizibo, kile kinachokatika kuranti ikizidi: ampea 10. Kwa transfo ambayo hata kwa ahadi yake haivuti ukutani zaidi ya 4.5, fizibo hiyo ingeitazama ikiungua. Nimeweka ya ampea 3, aina inayochelewa kukatika, kwa sababu transfo inapowashwa inameza kuranti kubwa kwa muda mfupi sana.

Mambo mawili kwa anayetaka kuinunua. Hii si stabilizeta, haisawazishi volti: jioni, mtaa wetu wa Katuba mzima ukiwasha reso za kupikia, umeme wangu unashuka mpaka 190, nayo inatoa 95, nusu kwa nusu. Na kwa kuwa ni ototransfo, hakuna kinachokutenganisha na umeme wa ukutani. Sehemu ya chini ya koili ikikatika, 220 zote zinaingia kwenye mashine yako. Mimi ninaichomoa kila nikimaliza, maana hata bila mzigo inanguruma na kula umeme.

Jirani aliniomba nimwazime aifunge kwenye batri ya sola ipandishe volti 12. Nilikataa. Kuranti ya batri haigeuki, sumaku haigeuki, koili inabaki waya wa kuchemka tu. Hata laini ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 za kuranti nyoofu, ikifika kule inabadilishwa kwanza kuwa geu ndipo transfo ziipokee.

Ninaipa nyota tatu. Ingeandikwa 500 ningeipa nne. Mashine ya gofre imerudi kwenye katoni juu ya kabati. Yaya akipiga simu kuuliza gofre zinaendaje, ninamwonyesha keki.