Matuta ya Sharqiya na ngome ya Bait Al Falaj kwa ziara moja kutoka Muscat

Mimi na mke wangu tuliichukua ziara hii kwa kampuni ndogo ya utalii ya Muscat, iliyotuahidi matuta ya mchanga ya Sharqiya pamoja na makumbusho ya majeshi ya Oman kwa malipo ya mara moja. Upande wa jangwa sina la kulalamika. Tulipofika Bidiya, mji ulio ukingoni mwa mchanga, takriban kilomita 200 kutoka Muscat, dereva alisimama akapunguza upepo wa matairi yote ili yasizame, kisha akayapanda matuta kwa utulivu, bila zile mbwembwe za kuwatisha abiria. Yapo yanayokaribia urefu wa mita 100, na jua likianza kushuka mchanga huiva wekundu. Katika hema la Mabedui tulikaribishwa kahawa chungu na tende, mambo tuliyoyazoea tangu utotoni Unguja. Kiswahili nacho kilikuwepo, kwa kuwa familia nyingi za Sharqiya zina jamaa zao pwani ya Afrika Mashariki. Mzee mmoja alitaka kwanza kujua bei ya pweza katika soko la Darajani, Unguja.

Tatizo ni makumbusho. Ngome ya Bait Al Falaj, iliyopo Ruwi, mtaa wa Muscat, ilijengwa mwaka 1845 na Sayyid Said bin Sultan, huyo huyo aliyehamishia makao yake Zanzibar, na ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1988. Askari ndiye anayewatembeza wageni, tena kwa adabu, akieleza habari za Oman tangu kabla ya Uislamu hadi vita vya Jebel Akhdar vya miaka ya 1950 na vile vya Dhofar vilivyofuatia, huku nje zikiwa zimepangwa ndege na magari ya kivita. Mke wangu alikuwa bado anasoma maelezo ya mapigano ya mwaka 1915, yaliyopiganwa hapo hapo karibu na ngome, pale kiongozi wetu alipoanza kutuhimiza tutoke ili tuliwahi jua la jangwani. Kwa Mzanzibari, kupitishwa mbio mahali kama hapo ni hasara kubwa kuliko kulikosa machweo.

Ushauri wangu kwa wenzi wanaofikiria safari hii ni kulipia jangwa peke yake, ikiwezekana kwa kulala huko, na Bait Al Falaj kwenda wenyewe kwa teksi asubuhi ya siku nyingine.