Ripea kiti ya kabureta za Datsun 240Z: inalipa au tunapigwa?

Wadau, kabla hata hatujasalimiana angalieni hili boksi la ripea kiti, yaani seti ya spea za kukarabati kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa. Sogeza kamera hapo. Limeandikwa 240Z na 260Z, zile Datsun za spoti za Nissan, 1970 mpaka 1974, zote, boksi moja. Hapo hapo ndo nilipoanza kununa, maana mtu yeyote aliyewahi kushika hizi gari anajua kabureta za 1970 mpaka 72 na zile za soko la Marekani za 73 na 74 ni vitu viwili visivyojuana. Za mwanzo ni hizi hapa mezani, juu zina mviringo kama kuba la msikiti. Zile za baadae wamezikata juu zikawa bapa, zilitengenezwa hivo kwa sababu ya sheria za moshi za kule Marekani, na wenye gari walizichukia mpaka wakawa wanazing'oa na kutafuta za zamani warudishie. Sasa we muuzaji unazitiaje zote kwenye boksi moja? Nimefungua, nusu ya gasketi, zile karatasi za kuzuia kuvuja, humu ndani hazinihusu kabisa, tazama hii, hii ni ya kitu gani? Hii je?

Haya, mambo vipi, karibuni chaneli. Wale wageni, hapa tunahangaika na gari za Kijapani za zamani za spoti, kuzifufua na kutafuta spea zake, na hii nyuma yangu mnaiona ni Z, Datsun 240Z, habari za injini leo sirudii, L24, silinda sita kwa mstari, mshazisikia kwangu mpaka mmechoka. Leo ni kabureta tu. Pea ya Hitachi, milimita 46, na hii ripea kiti niliyoagiza nje baada ya watu wengi kuniulizia. Jina la kampuni nimelibandika karatasi kama mnavoona, sitaki kesi, na wala sijalipwa na mtu, hela imetoka mfukoni mwangu na nina uchungu nayo.

Na najua kuna mtu tayari anaandika huko chini "kaka achana na hizo weka Weber tatu", zile kabureta za Kiitaliano. Kaka, tulia. Tutafika huko.

Tuanze na vilivyomo. Gasketi nimeshasema. Vali mbili za kuingizia mafuta kwenye bakuli, kale katangi kadogo ka kabureta, na washa zake, zile ringi bapa. Oringi, ringi za mpira. Sindano mbili. Mipira midogo midogo. Usawa wa floti, kile kielea cha ndani ya bakuli, siongelei, upo kwenye kitabu cha ufundi cha Nissan na kipo bure mtandaoni, mtu mzima utasoma mwenyewe. Mi ninachotaka mkione ni hiki hapa, na mkiondoka na kitu kimoja leo basi iwe hiki.

Hii ndo kabureta ya mbele, inalisha silinda ya 1, 2 na 3. Nimefungua kifuniko cha juu, nimetoa na ile fimbo yake inayoogelea kwenye oili, kwa hiyo ndani sasa hivi hakuna kinachozuia. Naingiza kidole hapa mdomoni, nanyanyua pistoni mpaka juu kabisa, mikono inanuka petroli, shughuli ya petroli ndo hiyo, sasa naachia. Tok! Mmesikia? Ngoja nisogeze maiki. Nanyanyua tena, naachia. Tok! Hiyo sauti ndo unayoitafuta, chuma imeshuka yenyewe mpaka ikagonga chini bila kusita. Tamu sana hiyo, mi naweza kukaa hapa mpaka Ijumaa nafanya hivi.

Sasa ya nyuma, hii ya silinda ya 4, 5 na 6. Nanyanyua. Naachia. Hamna kitu. Imekwama katikati hapo, oneni, mpaka niisukume na bisibisi ndo inashuka. Na hii ndo iliyonifanya nihangaike na hii gari, ukikanyaga mafuta inavuta, ukiachia inabaki inakohoa, mafundi watatu tofauti wakaniambia ni distributa, ile ya kugawa moto kwenye plagi. Nikanunua distributa! Sio distributa, ni hii.

Kwa nini hii kitu ni muhimu hivi? Kwa sababu kabureta hizi hazina ile pampu ya kurusha mafuta ukikanyaga. Ni mfumo wa SU, kampuni ya kabureta ya Waingereza, Hitachi walichukua wakatengeneza wa kwao. Injini inavuta hewa, ule mvuto unapanda juu kwenye kuba, unanyanyua pistoni, pistoni imeshika sindano iliyochongoka, sindano ikipanda tundu la mafuta linaongezeka. Hewa nyingi mafuta mengi, hewa kidogo mafuta kidogo, inajipimia yenyewe. Ile oili ya juu kazi yake ni kuifanya pistoni ipande taratibu ukikanyaga ghafla, ili kwa sekunde ile mafuta yazidi hewa kidogo na gari isisite. Kitabu kinasema oili namba 20, kuna watu wanaweka ATF, oili ya gia za otomatiki, ukiweka oili nzito kama ya gia ndo unaharibu kila kitu. Kwa hiyo pistoni ikikwama, hesabu yote imekufa. Unaweza kuibadilishia gari kila spea iliyopo duniani itaendelea kukohoa.

Sasa nimeifungua, na sababu ni uchafu kwenye kuba pamoja na sindano ya zamani iliyopinda, kidogo tu, ukiizungusha kwenye kioo unaona inacheza. Nasafisha na dawa ya kabureta na kitambaa. Kitambaa! Wale wa msasa nawaomba sana, usipige msasa ndani ya kuba, ile nafasi kati ya kuba na pistoni ni ndogo mno, ukila chuma hata kidogo hewa inavuja na pistoni haipandi tena ipasavyo. Na kuba la mbele usiliweke nyuma, kila kuba lina pistoni yake, wamezaliwa pamoja. Mi naziandika kwa maka kabla sijafungua hata skrubu moja.

Sindano mpya kutoka kwenye boksi, hii hapa. Lile bega lake liwe sawasawa na sehemu ya chini ya pistoni, lisizame lisitokeze. Nakaza kaskrubu ka pembeni. Narudisha kuba. Nanyanyua. Mko tayari?

Tok!

Haaa! Hiyo raha jamani. Nimewasamehe nusu ya yale maneno ya boksi. Sindano zao ziko vizuri, nyoofu, na vali za mafuta nazo hazivuji, nimezipuliza kwa mdomo zimeziba kabisa. Sikutegemea. Nilikuja hapa kuwachamba, sasa naanza kulegea.

Lakini ngoja kwanza, maana wamesahau kitu, au hawajasahau wamefanya makusudi. Kiti haina ile mipira ya kupeleka mafuta kutoka kwenye bakuli mpaka kwenye tundu la chini, na ile ndo inayopasuka kuliko zote, mpira wa miaka hamsini utakuwaje mzima? Na haina bushi, vile vipete ambamo inazunguka shafti ya batafulai, kile kibati cha kufungua na kufunga njia ya hewa. Hizi ndo zinaua kabureta hizi. Shika shafti hapa mwishoni, itikise juu chini. Mnaona inavyocheza? Hapo hewa inaingia bila ruhusa.

Nawaonesha gari ikiwaka. Hii ya kopo ni dawa ya kusafishia kabureta, inashika moto haraka sana, mtungi wa kuzimia moto uko hapa mguuni na we uwe nao, sio unaniiga halafu unaunguza gereji ya watu. Imewaka, inaunguruma taratibu. Napuliza kidogo hapa mwisho wa shafti ya mbele. Hakuna mabadiliko, safi. Napuliza ya nyuma... mmesikia mlio ulivyobadilika? Tena. Eeh. Ile dawa imeingia ndani kupitia kwenye shafti, injini imeinywa. Maana yake hewa nayo inapita hapo hapo siku zote, na hakuna sindano mpya wala gasketi itakayotibu hilo. Hapo ni kwenda kwa fundi wa mashine akutobolee aweke bushi, au ununue kabureta zilizokwisha kufanyiwa hiyo kazi, kuna watu Marekani ndo shughuli yao hiyo na wanaweka hadi beringi. Bei yao ni nyingine kabisa na hii kiti, lakini unapata kitu kilichoisha.

Kusawazisha mbili sitakaa sana. Ukiwa na kile kipima hewa unaweka mdomoni mwa mbele, unasoma, unaweka nyuma, unasoma, unachezea skrubu mpaka zilingane. Wazee walikuwa wanaweka mpira sikioni wanasikiliza mvumo, na wapo wanaofanya hivo mpaka leo na gari zinatulia kuliko za vipimo. Mchanganyiko anzia nati ya chini mizunguko miwili na nusu, halafu nyanyua pistoni kidogo tu na kale kapini ka pembeni. Mlio ukipanda ukabaki juu, mafuta mengi. Ukitaka kuzima, mafuta machache. Ukipanda kidogo ukarudi, funga boneti nenda kanywe chai.

Haya sasa watu wa Weber. Sikatai, Weber tatu au zile za Kijapani Mikuni Solex 44 zinalia vizuri, mimi mwenyewe nikisikia nageuka. Hata Nissan wenyewe walifunga Solex tatu kwenye Z432, Z maalumu yenye injini ya S20 ya Skyline GT-R, ila zile walitengeneza kama 420 tu na zilibaki Japani, sio gari ya mimi na wewe. Kabureta tatu ni midomo sita ya kusawazisha, jeti sita za kila aina, na mafuta haya tunayonunua siku hizi utalia. Pea ya Hitachi ikiwa nzima inatosha kabisa kwa injini ambayo haijaguswa. Halafu ukija kuuza, mnunuzi anauliza vitu vya asili viko wapi. Januari 2020 kuna 240Z ya 1971 iliuzwa mnadani Marekani dola 310,000, gari ambayo ilipotoka mwanzo bei yake ilikuwa dola 3,526. Ile ilikuwa na vitu vyake vya kiwandani. Tangu hapo kila mtu mwenye kabureta ya kuba kwenye stoo anadhani ana dhahabu.

Na kinachoniudhi zaidi, nitoke nje ya mada kidogo, ni kwamba Nissan wanazo Heritage Parts, spea za gari za zamani zinazotengenezwa upya, walianza 2017 na Skyline R32 GT-R, wakaingia R33 na R34. Toyota nao wana GR Heritage, Supra, 2000GT, mpaka AE86. Mazda wanairudisha Roadster ya kwanza ikiwa kama mpya. Z ya mwanzo je? Gari iliyoshinda mbio za magari za East African Safari 1971 na 1973! Herrmann na Schüller wa kwanza, Shekhar Mehta wa pili, 71 hiyo, mwaka ambao walizunguka Kenya, Uganda na Tanzania, halafu 73 Mehta akachukua mwenyewe baada ya kulingana pointi na Datsun nyingine ya Källström. Gari ikajitangaza kwenye tope letu huku, leo kupata mpira wa kabureta mpaka umbembeleze mtu wa nje mtandaoni. Inauma.

Bei. Kiti kwa pea ni kama dola 80, ongeza usafiri na ushuru, ikifika Dar imekaribia mara mbili. Mi nasema hivi, kama una za kuba, 1970 mpaka 72, na shafti zako hazichezi, nunua, kwa ajili ya sindano na vali peke yake, na agiza mipira ya mafuta pembeni kwa oda hiyo hiyo usilipe usafiri mara mbili. Kama shafti zinacheza, hela hiyo iweke kwanza kwenye bushi. Kama una zile bapa, za nini hizo, tafuta za kuba. Mwanzo nilitaka kuipa tatu kwa kumi, sasa hivi naona sita. Sita na nusu. Hapana, sita, lile boksi bado linaniudhi.

Ya chaneli: ile laivu ya kutu nimeisogeza, fundi wa kuchomelea kasafiri, ila itakuwepo, tutakata pale chini ya betri na ile kona ya nyuma ya mlango ambapo Z zote zinaoza, kwa hiyo bonyeza kengele. Na kama kuna mdau ana vifuniko vya juu vya oili, vile vya asili, hata kimoja, aniandikie, tutaelewana bei.

La mwisho, kuna mzee wangu wa Mwanza kauliza ana Datsun 1600SSS yenye kabureta mbili kama hizi kwa macho, je, anunue kiti hii? Shikamoo mzee, usinunue. Za kwako ni Hitachi pia lakini ni milimita 38, sindano tofauti, gasketi tofauti. Nitumie picha ya ile namba iliyoandikwa kwenye bodi ya kabureta, nikutafutie ya kwako.