Jarida la mradi wa chuo: taarab au singeli?

Mkipewa mradi wa kubuni jarida la muziki, msikimbilie kompyuta. Chagueni muziki kwanza, maana ndio unaopanga ukurasa.

Taarab ya Zanzibar inataka nafasi. Kikundi cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, na historia hiyo haibanwi kwenye safu nyembamba. Jalada langu la taarab lilikuwa na picha moja tu: kidole chenye pete ya kupigia, kikigusa nyuzi za ganuni. Jina la jarida nililiweka juu, herufi nyembamba, pembeni nikaacha weupe mtupu. Ukilishika, unatulia.

Singeli ya Dar es Salaam, ile ya Manzese na Tandale, haitulii. Mapigo yake hupita 200 kwa dakika, basi vichwa vya habari navyo vilale upande, picha zikatwe na kupandiana. Inapendeza mno! Ila rangi kali za skrini hufifia zikichapwa. Pinki yangu ilitoka kama imepauka, ikabidi nichague upya.

Kwa jarida la kuchapwa, nachagua taarab. La kusomwa kwenye simu, singeli, bila kusita.