Helmeti au kofia ya kitambaa katika mchezo wa video wa Skyrim?

Helmeti ina kiwango chake cha kinga, na ukiifikisha kwenye meza ya fundi unakiongeza. Kofia ya kitambaa haina kinga yoyote, wala fundi haiboreshi.

Hata hivyo mchawi asiidharau. Ukiwa na ujuzi wa Mage Armor, uchawi wa kujikinga kama Stoneflesh unapata nguvu mara mbili, na ngazi ya juu kabisa mara tatu, mradi hujavaa kipande hata kimoja cha deraya. Helmeti moja tu, faida yote imekwenda! Kwa hiyo mpiga panga achukue chuma. Nikicheza mchawi, mimi ni kitambaa tu.

Wajanja huvaa helmeti ya Falmer (viumbe wa mapangoni katika mchezo huo), inayokubali kuvaliwa pamoja na taji lenye uchawi. Sura yake mbaya kweli.