Gasketi ya Sampo ya Kipande Kimoja: Je, Imezuia Oili Kuvuja Kwenye Camaro ya 1969?

Habari zenu watazamaji, na karibuni tena karakanani. Gari mnaloliona nyuma yangu ni Chevrolet Camaro ya mwaka 1969, mojawapo ya yale magari ya Kimarekani ya V8 yaliyotamba katika miaka ya 1960, na herufi N iliyomo katika namba yake ya chesisi inaonyesha kwamba liliundwa katika kiwanda cha Norwood, Ohio, wala si kile cha Van Nuys, California. Bodi imekwisha kupigwa rangi, viti vimeshonwa upya, na injini yake ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, inawaka mara tu unapozungusha ufunguo. Hata hivyo, kila asubuhi nilipolisogeza nilikuta madoa matatu ya oili kwenye kadibodi niliyoitandika chini, na madoa hayo ndiyo yaliyonifanya ninunue bidhaa ninayowaletea leo.

Bidhaa yenyewe ni hii hapa: gasketi ya kipande kimoja ya kuziba ukingo wa sampo, yaani lile bakuli la oili lililo chini ya injini, iliyotengenezwa na kampuni ya Fel-Pro kwa ajili ya injini ndogo za V8 za Chevrolet. Naomba mwitazame karibu. Ndani yake mna kiini cha chuma, juu ya chuma hicho kuna mpira uliofinyangwa, na kila tundu la bolti limezungukwa na pete ngumu inayozuia bolti isiubane mpira kupita kiasi. Sasa ilinganisheni na hii ya zamani niliyoitoa kwenye gari. Hii ina vipande vinne: viwili vya koki, yaani gome laini la mti, vya pembeni, na viwili vya mpira vya mbele na nyuma, kwa hiyo kuna pembe nne ambapo kipande kimoja hukutana na kingine. Angalieni pembe hii ya nyuma, jinsi koki ilivyosukumwa nje na kupasuka kama gome kavu. Fundi aliyeifunga kabla yangu alikaza bolti kwa nguvu zake zote akidhani anazuia oili, kumbe alikuwa anaifungulia njia.

Kabla sijaisifu gasketi hii, nina jambo moja ambalo naliona kuwa muhimu kuliko bidhaa yoyote. Injini hizi zinapovuja upande wa nyuma, karibu kila mtu huilaumu oili sili ya nyuma ya krenkshafti, yaani pete inayozuia oili pale mhimili mkuu wa injini unapotokea nyuma, na wengi huanza kufungua injini siku hiyo hiyo. Nawasihi msifanye hivyo. Oili hufuata mvuto wa ardhi, na gari likiwa barabarani upepo huisukuma kuelekea nyuma, kwa hiyo inaweza kuanzia juu kabisa, kwenye tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini, chini ya distribyuta inayogawa umeme kwa plagi, kwenye swichi ya presha ya oili iliyo karibu na distribyuta hiyo, au nyuma ya manifodi ya kuingizia hewa, kisha ikateremka kimyakimya nyuma ya bloku, yaani kiwiliwili cha injini, na kudondokea pale pale ambapo ungetarajia sili mbovu idondoshe. Ukitazama kwa chini pekee, utaapa kwamba ni sili.

Mimi niliiosha injini nzima kwa dawa ya kuondoa grisi, nikaiacha ikauke, nikachanganya kwenye oili ile rangi maalumu inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno, halafu nikaendesha gari kwa nusu saa. Usiku nilizima taa za karakana na kuingia chini na taa hiyo. Nilichokiona sikukitarajia: kulikuwa na mstari mwembamba wa kijani ulioanzia nyuma ya manifodi, ukateremka juu ya bloku na kupotelea ndani ya kava la flaiwili, na kulikuwa na mwingine mfupi zaidi uliotoka kwenye pembe ya nyuma ya sampo. Mivujo ilikuwa miwili, na sili ya krenkshafti haikuwa mmojawapo.

Jambo lingine la kukagua mapema ni vali ya PCV, ile inayofyonza gesi kutoka ndani ya injini na kuirudisha kwenye manifodi. Ikiziba, presha hupanda ndani ya injini na kuisukuma oili nje kupitia kila upenyo, na hakuna gasketi itakayostahimili hali hiyo kwa muda mrefu. Ichomoe na uitikise. Ukisikia kitu kikigonga ndani, bado inacheza, na isipotoa sauti yoyote, inunulie mwenzake mpya, kwani bei yake ni ndogo sana.

Nyuma ya manifodi sikutumia gasketi kabisa. Seti nyingi huja na vipande viwili vya mpira au koki vya kuziba ncha za mbele na nyuma, ambavyo huteleza na kutoka mahali pake manifodi inapokazwa, na mimi sivitumii. Nilisafisha chuma mpaka kitambaa cheupe kilipotoka bila doa, nikaweka mstari mmoja wa silikoni ya injini wenye kimo cha milimita 6 hivi, nikaupandisha kidogo juu ya kona za gasketi za pembeni, kisha nikaishusha manifodi wima bila kuiburuta.

Sasa turudi kwenye sampo, kwa sababu hapa ndipo mtu anaweza kununua gasketi nzuri kuliko zote na bado akavuja. Sogezeni macho kwenye ukingo huu. Nimeweka rula ya chuma juu yake na tochi nyuma yake. Mnauona mwanga unaopita katikati ya matundu? Bati limebonyea kuzunguka kila tundu kwa sababu ya miaka mingi ya kukazwa kupita kiasi, kwa hiyo penye bolti limesogea mno kuelekea kwenye bloku, na kati ya bolti na bolti limebaki na mwanya. Nililaza ukingo juu ya kipande cha chuma kilichonyooka, nikagonga taratibu kwa nyundo ndogo tundu baada ya tundu, nikipima kwa rula kila mara, na kazi hiyo ilinichukua karibu saa mbili. Gasketi ya koki ni laini na huficha kasoro ndogo kwa muda, lakini hii yenye kiini cha chuma haisamehe bati lililopinda.

Katika kununua pia kuna mtego. Injini hizi zilibadilika mwaka 1975: zilizotangulia zina mpira mwembamba upande wa mbele, chini ya kava la cheni ya taimingi, na zilizofuata zina mpira mnene. Kwa kuwa magari haya yamebadilishwa vipuri mara nyingi katika zaidi ya miaka 50, usitegemee mwaka wa gari peke yake. Fungua sampo, utazame kava ulilo nalo, ndipo uagize. Kwenye Camaro pia utalazimika kuinyanyua injini kidogo kutoka kwenye mikono yake na kuondoa stata ili sampo ipate nafasi ya kutoka, kwa hiyo tenga siku nzima.

Ufungaji wenyewe ulinifurahisha sana. Pakiti ina pini ndogo za plastiki ambazo unazikaza kwa mkono kwenye bloku, gasketi ikaning'inia juu yake, na sampo ikapandishwa mpaka ikashikwa na pini hizo, jambo ambalo ni neema kwa mtu anayefanya kazi peke yake akiwa amelala chali. Nilitia tone dogo la silikoni kwenye zile pembe nne tu, ambapo kava la mbele na kepu ya nyuma, yaani kifuniko kinachoshikilia krenkshafti, vinakutana na bloku, na sehemu nyingine zote nikaziacha kavu. Bolti ndogo za robo inchi nilizikaza kwa nyutoni mita 9 nikitumia spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa awamu mbili, nikianzia katikati kuelekea kwenye ncha. Nyutoni mita 9 ni nguvu ndogo mno, na mkono uliozoea kazi nzito utaona kama bolti bado imelegea. Iache hivyo.

Kwa kuwa sampo ilikuwa tayari chini, nilibadilisha pia ile sili ya nyuma. Hadi mwaka 1985 sili hiyo ilikuwa ya vipande viwili, kwa hiyo unaweza kuibadilisha kwa kufungua kepu moja bila kutoa gia boksi. Mdomo wake uelekee mbele, upande wa oili, na maungio ya vipande hivyo yasogezwe kidogo yasilingane na maungio ya kepu.

Wiki sita zimepita na gari limetembea kilomita 900 hivi, zikiwemo safari mbili ndefu za joto kali. Bei ya gasketi hii ilikuwa zaidi ya mara mbili ya seti ya koki, nami ningeilipa tena bila kusita, mradi sampo iwe imenyooka. Kama yako imepinda na huna uwezo wa kuinyoosha, weka fedha hiyo kwenye sampo mpya kwanza.

Kadibodi ya jana usiku hii hapa, na kwa mara ya kwanza upande wa injini ni mkavu kabisa. Hili doa moja mnaloliona huku nyuma si oili ya injini. Litazameni vizuri, lina wekundu, kwa hiyo ni mafuta ya gia boksi ya otomatiki, yanayotoka kwenye sili ya mkiani ambako shafti ya propela inaingia. Sili yake nimekwisha kuiagiza.