Kliniki ya mifugo huku Mbagala: paka wangu na tumbo lake ndii

Nimewapa nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja niliyoibania nitaieleza.

Paka wangu ni wa kuokota, dume, bado mdogo. Anakula vizuri, lakini tumbo lilikuwa limejaa ndii huku uti wa mgongo unahesabika mfupa kwa mfupa na manyoya yamemsimama. Majirani wakanipongeza kwa mimba. Dume jamani! Kwenye duka la pembejeo muuzaji alitaka kuniuzia kidonge cha minyoo cha mbwa, eti nikate robo, mnyama mwenyewe hajamwona. Nikaaga.

Pale kliniki daktari alianza na mizani: gramu 900. Akambinya tumbo taratibu, kisha akaligonga upande mmoja huku kiganja kimetulia upande wa pili, akitafuta kama kuna maji. Akamfunua mdomo kuangalia ufizi. Nilipouliza, akasema maji yangemfanya awaze FIP, ugonjwa wa kirusi cha korona cha paka kilichogeuka, na hapo dawa ya minyoo isingefua dafu. Hayakuwepo. Choo kikawekwa kwenye hadubini, akaniita nichungulie: mayai ya mviringo yenye kiini cheusi, tele. Minyoo ya duara, ambayo watoto wa paka huipata hata kwenye maziwa ya mama.

Akapewa pyrantel ya maji kwa bomba lisilo na sindano, kipimo kwa uzito wake, na tarehe ya kurudia baada ya wiki 2, kwa sababu dawa inaua minyoo iliyo utumboni, ile michanga inayozunguka mwilini inaiacha. Kesho yake alitoa minyoo mirefu kama tambi, mingine bado inajinyonganyonga (samahani kwa mnaokula). Tumbo limeshanywea.

Kilichonifurahisha zaidi, daktari aliuliza kama nina watoto nyumbani. Mchanga wa choo cha paka uzolewe kila siku, alisema, maana mayai yakiachwa wiki kadhaa yanaiva, na hapo yanaweza kumwambukiza mtu.

Kumwona daktari, kipimo na dawa, jumla sh. 35,000, na risiti juu. Sasa ile nyota: simu yao haipokelewi, na foleni ya Jumamosi ni balaa, paka kwenye boksi katikati ya mbwa wanaobweka. Nenda siku ya kazi, na ubebe choo cha asubuhi kwenye kikopo chenye mfuniko, la sivyo utaambiwa urudi kesho.