Fundi wa Mlandege na kompyuta yangu iliyogoma kuwaka

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, na kompyuta ninayotumia nimeiunga mwenyewe, vifaa vyengine vipya, vyengine mitumba. Kaskazi hii, joto limepamba moto na video yenye urefu wa saa mbili haijamaliza kutolewa kuwa faili, kompyuta ikazima ghafla. Nikaiacha ipoe, nikabonyeza swichi. Feni zikageuka kidogo, zikasita, kimya. Haikulia, wala skrini haikuonesha kitu.

Duka la kwanza, Darajani hapa Unguja, halikufungua hata kava. Kijana aliiwasha, akaiangalia, akasema mazabodi, yaani ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote, imeungua na anayo nyengine ya kuniuzia. Nikabeba changu nikaondoka.

Jamaa akanielekeza kwa fundi mmoja wa Mlandege, kibanda chenyewe hakina hata bango. "Ndugu yangu, mashine inayojaribu kuwaka usiizike," alinambia. Akatoa kila kitu kwenye kesi, akabakisha mazabodi, prosesa (ubongo wa kompyuta) na ramu moja (kumbukumbu ya muda) juu ya ubao mkavu. Kadi ya picha akaiweka kando, maana prosesa yangu inaweza kutoa picha bila ya hiyo. Hata swichi ya kesi hakuiamini. Aligusisha pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi. Ikafanya vilevile.

Akahamia kwenye pawa saplai, kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Alichomoa plagi kubwa ya pini 24, akaunganisha waya wa kijani na mweusi, feni yake ikazunguka kwa kujikongoja. Mie nikasema basi nzima hii. Akacheka: kuzunguka feni si kubeba mzigo. Akairudisha, akaweka mita kwenye waya wa manjano, akataka niwashe. Hapo panatakiwa volti 12, na zisishuke chini ya 11.4. Namba iliporomoka, mashine ikazima. Alipochomeka pawa saplai yake ya majaribio, ikalia mlio mmoja na picha ikaja.

Wengine wangeishia hapo na kudai chao. Yeye alifungua ukurasa wa mipangilio unaoonesha joto, na prosesa ilikuwa imeshapita nyuzi 90 bila ya kufanya kazi yoyote. Kipoza joto changu ni kile kinachokuja na prosesa za Intel, kinashikwa na pini nne za plastiki. Moja ilikuwa imechomoka, kwa hiyo kilikaa upande. Pesti ya kupitishia joto iliyo chini yake ilikuwa imekauka ikawa kama chokaa ya ukuta mkongwe. Akaifuta kwa spiriti, akaweka mpya kiasi cha punje ya dengu, akabana pini kwa mshazari. Sasa hata nikitoa video ndefu haifiki nyuzi 80.

Pawa saplai ya zamani alinionesha tundu zake: vumbi lililoshikana na unyevu wa chumvi, tabaka jeusi. Nikamuomba aifungue aisafishe nipunguze gharama. Alikataa kabisa. Alisema kapasita za ndani, vifaa vinavyohifadhi umeme, hubaki na umeme hata ukichomoa waya ukutani, na pawa saplai iliyokwisha kudhoofika kwa joto haiaminiki tena na mzigo mkubwa. Kusema kweli, hilo ndilo lililonifanya nimuamini, kwa sababu angeweza kunitoza pesa ya usafi.

Kasoro anazo. Simu hapokei, na "kesho" yake ni ndefu mno. Pawa saplai mpya ilisubiri boti ya Dar es Salaam huku bwana harusi mmoja akinipigia kila asubuhi. Risiti hatoi, dhamana ni ya mdomo, kwa hiyo ofisi inayohitaji karatasi haitaelewana naye. Waya ndani ya kesi alizirudisha ovyo, moja ikigusa feni, ikabidi nizifunge upya nyumbani.

Kupima analipisha shilingi 20,000, na anaikata kwenye ufundi akikutengenezea yeye. Mazabodi "iliyoungua" ndiyo hii hii ninayoandikia.